Modeli Kwanza: Kujifunza Kuunda Programu za Wavuti kwa Msimbo Mchache katika Mwambao wa Ziwa Mweru

1. Utangulizi

Mada hii inawalenga vijana wa Nchelenge, Kashikishi na makazi ya wakimbizi ya Mantapala, nchini Zambia, wanaotaka kuunda programu za wavuti lakini hawana nafasi ya kusomea lugha za kompyuta kwa miaka mingi. Hoja yangu ni moja: mwanafunzi aanze kwa kuunda modeli ya kazi anayoijua, ndipo aguse zana. Zana hubadilika kila mara. Anayeweza kuieleza kazi yake kwa usahihi atatumia zana yoyote itakayokuja.

2. Njia hii ni ipi

Katika njia ya msimbo mchache, muundaji hutaja vitu vinavyohusika, sifa zake, uhusiano wake na kanuni zake, na mfumo wenyewe hutengeneza fomu, majedwali na ripoti. Wazo hili si geni. Mwaka 1976 Peter Chen alichapisha modeli ya vitu na uhusiano wake, ambayo bado hufundishwa katika somo la hifadhidata. Katika chuo cha Politecnico di Milano, Italia, watafiti walibuni WebML, lugha ya kuchora muundo wa programu za wavuti, na kutokana nayo ikapatikana IFML, ambayo leo ni kiwango cha kimataifa. Zana za msimbo mchache zimeliweka wazo hilo mikononi mwa watu wasio wahandisi.

3. Mfano wa mwalo

Tuchukue samaki wanaoshushwa Kashikishi. Anayeanza hutengeneza jedwali moja: jina la mvuvi, mtumbwi, tarehe, aina ya samaki, kilo. Siku mtumbwi unapoleta samaki aitwaye pale pamoja na samaki wa aina nyingine, mstari mmoja hautoshi. Akiandika miwili, jina la mvuvi linarudiwa, na likikosewa herufi moja, mvuvi mmoja anahesabiwa kuwa wawili. Modeli nzuri hutenganisha mwalo, mvuvi, chombo, safari na samaki walioshushwa. Chombo kimoja kina safari nyingi, na safari moja ina aina nyingi za samaki. Mwanafunzi akishalielewa hilo, amevuka sehemu ngumu kuliko zote.

Suala la pili ni utambulisho. Katika ziwa hili kuna Kilwa kisiwa, kilicho upande wa Zambia, na Kilwa mji, ulio upande wa Kongo. Programu inayotambua mahali kwa jina tu itachanganya mapato ya samaki ya nchi mbili. Kila mwalo upewe namba yake ya pekee, na jina libaki la kusomwa na watu.

Suala la tatu ni kanuni. Zambia husimamisha uvuvi kila mwaka kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, lakini marufuku hiyo haiyagusi maziwa ya Tanganyika na Kariba. Kwa hiyo programu ikiangalia tarehe peke yake itakosea. Ni lazima iangalie pia ziwa, na katika Mweru, ambalo ni la nchi mbili, iangalie na upande uliosajili chombo. Mvuvi na afisa uvuvi wanayajua haya kwa undani. Ndiyo maana modeli inapaswa kutungwa pamoja nao.

4. Mifumo iliyopo tayari

Hatuhitaji kwenda mbali kuiona njia hii ikifanya kazi. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Zambia, ulitokana na mradi ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994 na unaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011. Ndani yake, msimamizi hupanga ngazi za nchi, mkoa, wilaya na kituo, huorodhesha takwimu zinazokusanywa, kisha huweka kanuni. Kwa mfano, waliokutwa na malaria hawawezi kuwa wengi kuliko waliopimwa. Hiyo ni modeli kamili, na haikuhitaji hata mstari mmoja wa msimbo.

Mfano mwingine ni ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle. Fomu yake huandikwa katika jedwali la kawaida: safu moja ya aina ya swali, nyingine ya jina lake, nyingine ya maelezo. Maelezo yanaweza kuwekwa kwa Kibemba na Kiswahili sambamba, na majibu yakaingia katika hifadhidata ileile. Katika wilaya ya Nchelenge, iliyopokea Wakongo waliokimbia vita vya mwaka 2017, jambo hilo lina thamani kubwa. Simu huhifadhi fomu bila mtandao na kuzituma mtandao unapopatikana, hivyo mtu aliye katika kisiwa cha Isokwe, ndani ya ziwa hili, naye anaweza kuitumia.

5. Mipaka

Njia hii haiondoi haja ya mwandishi wa msimbo. Kuunganisha mifumo miwili, kulinda seva na kushughulikia kanuni zisizo za kawaida bado kunamhitaji. Baadhi ya zana za kulipia pia humfunga mtumiaji, asiweze kuondoka na data zake. Zaidi ya yote, urahisi wa kuongeza swali katika fomu unashawishi kukusanya mambo yasiyohitajika. Orodha ya wakimbizi ikivuja inaweza kuhatarisha maisha yao. Swali lisilo na matumizi lisiulizwe.

6. Mapendekezo

(a) Wiki za mwanzo za mafunzo zitumie karatasi na kalamu: kuchora vitu na uhusiano wake kutoka kazi halisi ya mwalo, zahanati au shule.

(b) Kila modeli isomwe kwa sauti mbele ya watu wanaofanya kazi hiyo, nao waruhusiwe kuikataa.

(c) Zana ya kwanza iwe huria na iruhusu data kuhamishwa.

(d) Mwanafunzi afundishwe msimbo kidogo baadaye, pale zana inapomkwamisha, ili ajue sababu ya kujifunza.

(e) Kila kundi limalizie kwa kuikabidhi programu yake kwa mtumiaji mmoja halisi, na kuirekebisha kadiri ya matatizo atakayoyaleta.

Tukifuata utaratibu huu, programu za mwambao huu zitaundwa na watu wanaoishi na matokeo yake. Hao ndio watakaoona mapema kosa lilipo, na watakuwa na uwezo wa kulirekebisha wenyewe.