Darsa la Ramadhani: Mkono Wenye Ganzi na Makovu

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada.

Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya tarawehe mzee wetu mmoja alinivuta kando. Tangu figo zake zishindwe kazi, husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, yapata saa nne kila mara. Alikunja mkono wa kanzu akanionyesha kigasha chake cha kushoto: mshipa umetuna mithili ya kamba, makovu ya sindano yamepangana, na ngozi ya pembeni imekufa ganzi. Akasema, “Sheikh, nikitawadha siyahisi maji. Nachelea udhu wangu haujatimia, ndiyo maana siku nyingi nasali nyumbani. Tena naona haya watu wakinitazama.” Ameniruhusu niyaseme haya bila ya kumtaja.

Nilimjibu: mzee wangu, sharti la udhu ni maji kuifikia ngozi, si ngozi kuyahisi maji. Kovu lililopona ni ngozi yako. Lioshe kama unavyoosha pengine. Siku ya sindano, ikiwa pamefungwa bandeji na maji yatadhuru, basi katika madhehebu yetu ya Shafi utaosha palipo pazima, utapangusa juu ya bandeji, na utatayamamu. Na maji ya moto yapime kwa mkono wa pili, kwani mkono wenye ganzi huungua bila ya mwenyewe kujua.

Kuhusu saumu, aya ya 184 na ya 185 za Surat al-Baqara zimempa mgonjwa ruhusa. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona, na kufunga kunamdhuru, hulisha maskini kwa kila siku. Ruhusa ya Mola ni zawadi; asiyeipokea kwa kuona aibu mbele ya watu, aitafakari nia yake.

Mkono ule si aibu. Mwaka 1966 madaktari wa New York, Brescia na Cimino pamoja na wenzao, walieleza njia ya kuunganisha ateri na vena mkononi, ili vena ipanuke na istahimili sindano mwaka hata mwaka. Kwa mshipa huo wagonjwa wengi wamejaaliwa umri wa kulea wajukuu. Basi ni amana, na amana hutunzwa. Mwenye nao aguse kila siku asikie mtetemo wake. Ukikatika, apige simu hospitali papo hapo. Asikubali kupimwa presha wala kutolewa damu kwa mkono huo, wala asiulalie. Ganzi ndogo kando ya kovu aghalabu ni ya mishipa ya fahamu iliyoguswa na kisu. Lakini ganzi inayozidi, mkono ukawa baridi, ukapauka na kuuma, huenda ni dalili kwamba damu haifiki vidoleni. Hiyo isisubiri hata Idi. Na damu ikichuruzika bila ya kukoma, pabanwe kwa nguvu na ipigwe 999.

Nasi jamaa tuna wajibu. Tusimvute mkono huo kwa salamu, wala tusimbebeshe masufuria ya futari. Tusimlazimishe tende na madafu. Vina madini ya potasiamu ambayo figo zake haziwezi kuyatoa, na yakizidi huweza kuusimamisha moyo. Na tusiukodolee macho mkono wake. Aliyekufa ganzi ngozi hana lawama. Wa kulaumiwa ni jirani anayemkosa mwenzake safuni wiki tatu asimuulize.

Jana usiku mzee wetu alisali nasi, safu ya pili.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, na ujaalie kila kovu liwe kafara ya dhambi. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.