Tovuti ya Chama Ionekane na Wanaoitafuta

(Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Chama cha msingi kinapofungua tovuti yake katika intaneti, madhumuni huwa mawili: kuwapasha wanachama habari, na kujulikana kwa wanunuzi. Hata hivyo, kuwa na tovuti si sawa na kuonekana. Mnunuzi wa kahawa aliyeko Ujerumani au Japani haijui anwani ya chama. Yeye huandika maneno machache katika mtambo wa kutafutia, kama vile Google au Bing, akasoma majibu ya mwanzo, na mara nyingi huishia hapo. Iwapo majibu hayo yamejaa majina ya madalali, basi madalali ndio watakaopelekewa barua. Chama chenye mali kitabaki kimya, na mkulima ataendelea kuuza kwa kupitia mikono mingi. Hasara ya namna hiyo haiandikwi katika leja, lakini ipo.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba kuonekana hakupatikani kwa hila. Kunapatikana kwa kueleza kazi ya chama kwa uwazi, katika kurasa ambazo mtambo unaweza kuzisoma. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa katibu mwenyewe, wala haihitaji fedha za wanachama.

JINSI MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Kazi ya mtambo wa kutafutia ina hatua tatu. Kwanza, programu ziitwazo roboti hupita ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo. Pili, yaliyosomwa huwekwa katika faharasa kubwa mno. Tatu, mtu anapouliza, mtambo huchagua kurasa kutoka katika faharasa hiyo na kuzipanga kwa madaraja, kama kahawa inavyopangwa kabla ya kuuzwa. Kwa hiyo, ukurasa usiokuwamo katika faharasa hauwezi kutolewa kuwa jibu, hata uwe mzuri kiasi gani.

Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Sifa yake ilitokana na wazo la kuhesabu kiungo kinachotoka tovuti moja kwenda nyingine kuwa ni kama kura. Lakini hapa pana tofauti kubwa na desturi ya ushirika. Katika mkutano mkuu kila mwanachama ana kura moja, na kura zote ni sawa. Katika hesabu ya viungo kura hazilingani uzito: kiungo kimoja kutoka tovuti inayoheshimiwa, kama ya chama kikuu, chuo au bodi ya zao, chaweza kuwa na thamani kuliko mia moja kutoka kurasa zisizojulikana. Siku hizi mambo mengine mengi huhesabiwa pamoja na viungo, hasa iwapo ukurasa unajibu kweli kile kilichoulizwa.

MANENO YA MNUNUZI

Kosa lililo rahisi zaidi kutokea ni kuandika kwa lugha ya ofisini. Katibu hulijua neno AMCOS, lakini mnunuzi wa ng'ambo halijui. Yeye huandika jina la zao, aina yake, mahali litokapo, na pengine neno "ushirika" kwa lugha yake. Nchini Japani, kwa mfano, kahawa ya Tanzania imezoeleka kwa jina la Kilimanjaro. Hapana budi, basi, ukurasa utaje zao, aina yake, wilaya na mkoa, mwinuko wa mashamba, namna kahawa inavyosafishwa, na miezi ya mavuno. Mambo hayo yote yawe ya kweli, kwani mnunuzi atakuja kuyahakikisha.

Kila ukurasa una kichwa chake, ambacho ndicho huonekana kwanza katika majibu. Kichwa kisemacho "Nyumbani" hakimwelezi mtu chochote. Kichwa kisemacho "Kahawa ya arabika kutoka Mbinga, Ruvuma", kikifuatwa na jina la chama, kinamweleza msomaji na mtambo kwa pamoja. Kila ukurasa uwe na kichwa chake mbali, na chini yake maelezo mafupi ya sentensi moja au mbili. Wanachama waandikiwe kwa Kiswahili, na wanunuzi waandikiwe kwa Kiingereza katika kurasa nyingine, bila kuchanganya lugha mbili katika ukurasa mmoja.

Vile vile, tangazo la bei lililopigwa picha na kubandikwa katika tovuti halisomeki kwa uhakika kama maandishi ya kawaida. Bei na tarehe ziandikwe kwa herufi, na kila picha ipewe maneno machache yanayoeleza kilichomo.

SIMU ZA MKONONI

Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba imekamilisha kuhamia utaratibu wa kusoma tovuti jinsi zinavyoonekana katika simu za mkononi. Katibu asiridhike, basi, na tovuti inayopendeza katika kompyuta ya ofisini tu. Aifungue katika simu ya bei ndogo, mahali penye mtandao hafifu. Google hupendekeza kwamba sehemu iliyo kubwa kuliko zote katika ukurasa, kama picha au fungu la maandishi, ionekane katika muda usiozidi sekunde 2.5. Mara nyingi kinachochelewesha ni picha kubwa zilizowekwa kama zilivyotoka katika kamera, nazo hazina budi kupunguzwa kwanza. Aidha, anwani ianze kwa https, ambayo ni alama kwamba mawasiliano yanalindwa.

VYOMBO VYA BURE

Vipo vyombo visivyolipiwa ambavyo kila chama kinaweza kuvitumia:

1. Google Search Console huonyesha ni maneno gani yaliyowaleta watu, kurasa zipi zimeingia katika faharasa, na zipi zimeachwa na kwa sababu gani. Bing nayo ina chombo chake cha namna hiyo.

2. Ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zote, hupelekwa kwa kupitia chombo hicho hicho ili roboti zisiache ukurasa nyuma.

3. PageSpeed Insights hupima upesi wa ukurasa na kutaja kinachouchelewesha.

4. Google Business Profile huiweka ofisi au ghala la chama katika ramani, pamoja na simu na saa za kazi.

Njia fupi ya kuanza ni kuandika katika Google neno "site", nukta mbili, kisha anwani ya chama bila kuacha nafasi. Kurasa zitakazotokea ni miongoni mwa zile ambazo Google inazo. Isipotokea hata moja, tatizo limekwisha kuanza kujulikana.

TAHADHARI KWA KAMATI

Huenda akafika ofisini fundi anayeahidi kukiweka chama katika nafasi ya kwanza kwa malipo fulani. Kamati ijue kwamba Google yenyewe inasema hakuna awezaye kuthibitisha nafasi ya kwanza. Fundi mwaminifu hueleza atakalolifanya, na huonya kwamba baadhi ya matokeo huchukua miezi kadhaa. Mwingine huuza viungo kwa mamia, au hurudia neno moja mara nyingi katika ukurasa. Tangu mwaka 2012 Google ilipoanzisha utaratibu uitwao Penguin, viungo vya kununuliwa vimekuwa hatari kwa anayevinunua. Mwingine hutoza fedha kwa kujaza orodha ya "maneno muhimu" iliyofichwa ndani ya ukurasa, ingawa mwaka 2009 Google ilitangaza kwamba haiitumii orodha hiyo katika kupanga majibu. Fedha zinazolipwa kwa kazi kama hizo ni jasho la wakulima.

Jambo la mwisho ni umiliki. Anwani ya tovuti isajiliwe kwa jina la chama, isiwe kwa jina la fundi wala la karani. Akaunti zote zifunguliwe kwa barua pepe ya chama, na maneno ya siri yakabidhiwe kwa maandishi, kama funguo za ghala zinavyokabidhiwa. Chama kisichofanya hivyo chaweza kupoteza tovuti yake siku fundi anapoondoka, na pamoja nayo sifa iliyojengwa kwa miaka.

Ndugu Wanachama, kazi hii haimaliziki kwa siku moja. Katibu apange saa chache kila mwezi: asome maneno yaliyowaleta watu, arekebishe ukurasa mmoja, aondoe bei iliyopitwa na wakati, kisha atoe taarifa kwa kamati. Wanachama nao wana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu ni nani waliokitafuta chama chao mwaka huo, na kama walikipata.