Baada ya Mshono wa Mwisho: Matatizo ya Choo kwa Watoto Waliotengenezewa Njia ya Haja Kubwa

Mada hii inamhusu mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa, naye akatengenezewa nyingine. Hukadiriwa kuwa hali hii humpata mtoto 1 kati ya 5,000 hivi wanaozaliwa. Wengi hupitia hatua tatu: kwanza utumbo hutolewa kupitia tundu tumboni ili kinyesi kipate pa kutokea, kisha njia yenyewe hutengenezwa, aghalabu kwa mbinu ambayo Pieter deVries na Alberto Peña waliichapisha mwaka 1982, mwishowe tundu la tumboni hufungwa. Siku hiyo ya kufungwa, familia hushukuru Mungu na kumhesabu mtoto kuwa amepona. Nashikilia kwamba hesabu hiyo ni ya mapema mno. Matibabu hayajakamilika mpaka mtoto aweze kukaa darasani asubuhi nzima bila kujichafua, na kliniki ya kumfikisha hapo ni sehemu ya upasuaji wenyewe.

Sababu imo ndani ya maumbile ya ugonjwa. Daktari anaweza kuupitisha utumbo katikati ya misuli iliyopo, lakini hawezi kuumba misuli wala neva ambazo mtoto hakuzaliwa nazo. Ambaye utumbo wake ulifungukia karibu na shingo ya kibofu, au ambaye mifupa ya chini ya uti wa mgongo haikukua vizuri, mara nyingi hatahisi choo kinapokuja. Ambaye utumbo wake ulifungukia karibu na mahali pa njia ya haja kubwa kwa kawaida ana uwezo wa kujizuia, lakini ndiye anayesumbuliwa zaidi na kufunga choo. Hapa ndipo panaponiuma. Choo kikikaa muda mrefu hukauka na kuutanua utumbo, nao hupoteza nguvu ya kusukuma; kisha kinyesi chepesi hupenya pembeni mwa bonge na kuchafua nguo. Mama huona kuhara, hutafuta dawa ya kuzuia kuhara, na bonge huzidi. Kumbe watoto wawili wenye nguo zilizochafuka vilevile wanaweza kuhitaji tiba zilizo kinyume: huyu asafishwe utumbo kisha apewe dawa ya kulainisha choo, yule asiyehisi chochote asafishwe kwa enema kila siku, pengine pamoja na dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo. Anayewatofautisha ni mhudumu aliyepapasa tumbo na kutazama picha ya eksirei.

Enema hiyo si kitu cha ajabu. Ni maji safi yaliyotiwa chumvi gramu 9 kwa lita, yakaingizwa taratibu kwa mpira laini. Maji matupu hayafai, kwa sababu hufyonzwa na kupunguza chumvi ya damu, na mtoto anaweza kupata degedege. Kiasi hurekebishwa siku kwa siku mpaka utumbo uwe mtupu na kubaki hivyo hadi kesho yake. Enema haiponyi neva, lakini humpa mtoto siku safi.

Wapo watakaosema kwamba madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto ni wachache, na vichanga wanaosubiri ni wengi. Ni kweli, lakini kazi ninayoieleza inahitaji muuguzi aliyefundishwa na muda wa kumsikiliza mzazi, wala haimwondoi daktari chumba cha upasuaji. Wengine humwambia mzazi kwamba mtoto atakua na itakwisha. Kabla ya miaka 3 jibu hilo lina haki yake, maana hata watoto wasio na tatizo hawajajifunza choo. Baada ya hapo ni hatari: utumbo uliotanuka huzidi kutanuka, na mtoto huanza kutengwa na wenzake.

Pingamizi zito ni gharama. Nchini Tanzania, sera ya msamaha huwatibu watoto walio chini ya miaka 5 bila malipo katika vituo vya umma. Basi mtoto huyu hutoka kwenye msamaha karibu wakati uleule anapoanza shule, yaani pale kujichafua kunapomgharimu zaidi. Msamaha wake ungepaswa kufuata ugonjwa, usifuate umri. Nauli ya kwenda hospitali ya rufaa nayo hukatisha tamaa, lakini mama akishafundishwa, mengi hufanyika nyumbani. Hata choo cha shimo si kizuizi: mtoto anayepaswa kukaa karibu saa nzima akisubiri maji yatoke anaweza kuketi kwenye poti au kiti cha mbao kilichotobolewa. Kinachokosekana ni tarehe ya kurudi, iliyoandikwa kwenye kadi kabla ya ruhusa, ikimtaka mtoto aonekane tena atakapotimiza miaka 3, kisha kabla ya kuandikishwa shule, hata kama mzazi hajalalamika.