Baada ya Kipimo Kusema Hakuna Kitu: Uuguzi wa Maumivu Yatokanayo na Dhiki ya Nafsi Wilayani Kyela

Mhadhara huu unahusu wagonjwa wanaoumwa kweli ilhali vipimo havionyeshi ugonjwa unaotosha kueleza maumivu yao, na hoja yake ni kwamba kazi kubwa ya muuguzi kwa mgonjwa wa aina hiyo huanza pale majibu ya maabara yanaporudi bila kitu. Dalili za mwili zitokanazo na dhiki ya nafsi ni maumivu, uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio au viungo kulegea, ambavyo huletwa au huzidishwa na hofu, huzuni au mgogoro mtu aliouficha moyoni. Mgonjwa huyo hajifanyi, kwa kuwa hofu ya muda mrefu hukaza misuli, huvuruga tumbo na kuharakisha mapigo ya moyo.

Kyela ni tambarare ya joto na mvua nyingi kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na kwa kuwa malaria ni ya kawaida huko, anayelalamikia kichwa na uchovu hupimwa malaria kwanza, jambo ambalo ni sahihi. Tatizo huja asipokutwa na vimelea, kwani huweza kuondoka na vidonge vya kutuliza maumivu, kisha akarudi na lalamiko lile lile, huku deni la shamba la mpunga, ugomvi wa urithi baada ya msiba au kipigo cha nyumbani kikiwa hakijaulizwa na mtu.

Fikra kwamba ugomvi huingia mwilini si ngeni ufukweni huko. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa, wenyeji wa Kyela, pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 imani ya "pumzi ya watu", yaani hasira ya majirani iliyosadikiwa kumletea baridi mwilini na maradhi mtu aliyevunja heshima ya jamaa. Muuguzi hatakiwi kuithibitisha imani hiyo, na ni wajibu wake kuizuia inapoelekea kumtafuta mchawi. Hata hivyo, inamfungulia njia ya kumuuliza mgonjwa, bila kumwaibisha, anaishije na watu wa nyumbani kwake.

Historia ya Tanzania nayo ina ushahidi kwamba dalili za mwili huweza kutokea bila ugonjwa unaopimika. Tarehe 30 Januari 1962, kicheko kisichozuilika kiliwaanza wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, upande wa Bukoba, kikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na madaktari Rankin na Philip, walioandika habari zake mwaka 1963, hawakupata maambukizi wala sumu iliyosababisha hali hiyo.

Uuguzi wenyewe una hatua zake. Mgonjwa hupimwa kikamilifu, kwa sababu dhiki ya nafsi haimkingi mtu na kifua kikuu wala kisukari, na dalili mpya ikitokea hupimwa upya. Majibu huelezwa kwa ukweli: badala ya kuambiwa "huna ugonjwa", huambiwa kwamba maumivu yake yanaaminika, kwamba magonjwa yaliyohofiwa hayakuonekana, na kwamba mawazo mazito huweza kuumiza mwili. Hapo ndipo hufuata mazungumzo ya faragha, ambayo Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, aliyaweka katika kiini cha uuguzi kwa kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu uhusiano wa muuguzi na mgonjwa. Mgonjwa hupangiwa tarehe ya kurudi, ikiwezekana kwa muuguzi yule yule, ili asilazimike kuzidiwa ndipo asikilizwe; huulizwa waziwazi kama amewaza kujiua, na jibu likiwa ndiyo, haachwi peke yake na hupewa rufaa mara moja.

Kwa hiyo viongozi wa zahanati na vituo vya afya wanaombwa kuyatambua mazungumzo hayo kuwa tiba, wayatengee chumba na muda, na vyuo vya uuguzi viyafundishe kwa uzito ule ule unaopewa kuchoma sindano.