Masazo ya Shamba



Sheria ya Musa iliwakataza wenye mashamba wasivune hadi pembeni. Masazo yalikuwa ya maskini, mjane na mgeni. Ruthu alikuwa mjane, tena mgeni. Alipokwenda kuokota masuke ili amtunze mkwewe Naomi, Boazi hakumpunguzia kwa sababu ya bidii yake. Aliwaagiza vijana wake waangushe masuke kwa makusudi, apate zaidi.

Tuitazame sasa Uingereza, nchi yenye hazina kubwa. Huko, mtu anayemhudumia mgonjwa au mlemavu kwa saa 35 au zaidi kila juma aweza kupewa posho na serikali. Mwaka 2024 posho hiyo ilikuwa pauni 81.90 kwa juma. Aliruhusiwa pia kufanya kazi ya mshahara, mradi kipato chake baada ya makato kisizidi pauni 151. Kikizidi kwa pauni moja, hakupunguziwa pauni moja. Alipoteza posho yote ya juma lile. Basi binti aliyeongezewa saa moja dukani aliweza kurudi kwa mama yake mgonjwa akiwa maskini kuliko kama angalikataa ile saa. Wengine hawakujua kuwa wamevuka mpaka. Miaka ikapita, ndipo wakadaiwa maelfu ya pauni.

Aprili 2025 kiwango kilipandishwa hadi pauni 196. Ni nafuu, twakiri. Lakini poromoko lilisogezwa mbele tu, ngazi haikuwekwa.

Hatusemi serikali isiweke mipaka, maana mali ya umma ina kikomo. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira wapasa kumtosha mfanyakazi kuishi. Pale usipotosha, msaada ungeujaliza, wala usingekimbia mara mtu ashikapo jembe.

Nanyi makatekista mnashika daftari la maskini wa jumuiya. Mama aanza kuuza maandazi, na Dominika ifuatayo jina lake limekatwa, ati amejiweza. Kumbe hata deni la unga hajalimaliza. Kabla ya kulikata, mtembeleeni, mkamwulize kinachobaki jioni akiisha kulipia unga, mafuta na kuni. Kisha punguzeni kwa kadiri mtaji wake unavyokua: debe la mahindi liwe nusu debe, na nusu debe iwe kisado.