Nyama Tamu Bila Kuvunja Sheria

Sisi wa Nkubu tunaishi karibu na msitu wa Mlima Kenya, na utamu wa nyama ya msituni tumeusikia sana. Lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa kitoweo cha nyumbani. Baba akifungwa, karo italipwa na nani? Tena nyama hiyo haikupimwa. Mnyama mwenye kimeta anaweza kuua wanaomla.

Basi tufanyeje? Tufuge sungura. Jike hubeba mimba siku 31 hivi, na hula nyasi na majani ya viazi vitamu. Majani mabichi tuyaache yanyauke kwanza.

Kupika si kazi. Nyama hii haina mafuta mengi, kwa hivyo moto mkali huikausha. Tuikaange kidogo na kitunguu, tutie nyanya, dania na maji, tufunike sufuria, moto uwe mdogo mpaka nyama ilainike. Kwa ugali au mukimo, hakuna atakayeuliza habari ya swara.

Kila kikundi kianze na majike mawili na dume moja. Haya, nani wa kwanza?