Msanii na Tovuti Yake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya namna mwenzetu mwenye kipawa, awe mchoraji, mchongaji au mtunzi wa hadithi, awezavyo kuuza kazi zake katika tovuti yake mwenyewe. Mimi si fundi wa kompyuta, ila ninayo tovuti ndogo ninamouzia hadithi zangu.

Wengi huuliza: tovuti ya nini, na hali Facebook na Instagram zipo bure? Zitumieni, maana watu wamo humo. Lakini humo mmepanga tu. Mwaka 2009 Yahoo iliifunga huduma yake ya GeoCities, ambamo watu wengi sana walikuwa wamejenga kurasa zao. Mwaka 2019 Myspace nayo ilikiri kwamba nyimbo zilizowekwa humo kabla ya mwaka 2016 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Mwanamuziki asiyekuwa na nakala nyumbani aliambulia patupu.

Jambo ninalotaka tulitazame kwa kituo ni jina la tovuti. Jina halinunuliwi mara moja ukalala, hukodiwa kwa mwaka, mfano wa kodi ya ardhi (na sote twajua tunavyoikumbuka!). Jina la .com laweza kulipiwa hata miaka 10 kwa mpigo. Usipolipa, baada ya muda hurudi sokoni, na yeyote aweza kulichukua.

Mchongaji mmoja ninayemfahamu alijengewa tovuti nzuri na kijana hodari, lakini jina likaandikishwa kwa barua pepe ya kijana yule. Kijana akahama, simu yake ikawa haipatikani, na ilani za malipo zikawa zinakwenda kwake. Jina likaisha muda. Leo mteja akilifuata jina lililochapwa kwenye kadi za mzee huyo, hukuta matangazo ya kamari. Wala mzee hana pa kushika, kwa sababu katika maandishi hakuwa mwenye jina hilo hata siku moja. Kwa hiyo, ndugu zangu, fundi na ajenge, lakini jina, barua pepe na neno la siri viwe vyako.

Ujenzi wenyewe si mgumu. Programu ya WordPress, iliyopo tangu mwaka 2003, ni ya bure. Unalipia jina na nafasi kwenye seva. Picha za kazi zako zipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 hivi, zifunguke upesi hata kwa mwenye simu ya kawaida, na mwizi asipate ya kuchapa bango. Andika vipimo kwa sentimita, na bei pia. Mimi naona kuficha bei ni kumfukuza mnunuzi mwenye haya. Mteja wa hapa atalipa kwa simu. Wa ng'ambo atataka kutumia kadi, basi ulizeni benki kwanza, na kinyago kipimwe uzito kabla hamjataja gharama ya posta.

Kila mwezi tengeni jioni moja ya kusasisha programu, kuondoa kilichokwisha kuuzwa, na kuweka nakala ya kila kitu katika diski iliyoko nyumbani.

Nitakuwapo hapa hadi saa kumi. Mwenye tovuti iliyoandikishwa na mtu mwingine aje na simu yake, tutazame pamoja jina lake linaisha lini.